Alama ya Mawese Kwenye Kioo

Ukitaka kujua nyumba ya mtu wa Kindu ikoje, usimtembelee. Utakuta wamefagia, wametandika kitambaa mezani, na mtoto mchafu amefichwa uani. Itazame picha aliyojipiga mbele ya kioo. Hapo utaona kitanda kilichovurugika, ndoo, masufuria juu ya kabati, na kioo chenyewe kimejaa madoa ya nzi, povu la dawa ya meno na vidole vya watoto. Sumaili alikuwa amezitazama picha za namna hiyo kwa miaka kumi na mmoja katika kibanda chake cha picha nyuma ya soko, na hakuwahi kumsema mtu. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, naye alikuwa mwosha mwenye mdomo mzito.

Watu walimwita Sumaili wa Vioo. Wapiga picha wengine, kina Rodrigue, walijua kumpa mteja ngozi laini na kumsimamisha mbele ya maghorofa ya Ulaya ambayo hajawahi kuyaona, lakini kioo kichafu kiliwashinda. Waliing'arisha picha nzima mpaka bibi arusi akatoka mweupe kama unga wa muhogo, na doa bado lipo palepale. Sumaili alikuwa na subira. Alikikuza kioo mpaka kikajaa kwenye kompyuta, akachota kipande kidogo kilicho safi, akakipandikiza juu ya doa, akalainisha ukingo, kisha akahamia doa la pili. Alijua pia jambo ambalo wengi hawalijui, kwamba doa la kioo huwa mawili, lenyewe na kivuli chake kwa ndani. Ukifuta moja ukasahau la pili, jicho la mtazamaji litasumbuka bila kujua linasumbuliwa na nini.

Alikuwa na tabia mbili za kazi, na zote mbili ndizo zilizomponza. Kadi za simu za wateja, zile za kuhifadhia picha, huja na virusi. Mara moja virusi vilimlia picha za harusi za mwezi mzima, na bibi arusi mmoja akaja kulia mlangoni pake mbele ya soko zima. Tangu siku ile kila kadi aliyoletewa alizihamisha picha zake kwenye kompyuta, akaifuta kadi yote, kisha akamrudishia mwenyewe ikiwa tupu. Tabia ya pili ni kwamba alipomaliza kusafisha picha, aliihifadhi safi juu ya ile chafu. Picha chafu ya kazi gani, alikuwa akisema, na wateja walicheka wakakubali.

Jumatatu moja alikuja Neema, mjukuu wa mama Mounira, msichana anayesomea uuguzi, amevaa aproni yake na ana haraka. Alimwachia kadi ya simu. Simu yenyewe ilikuwa imetumbukia mtoni huko Lokandu alipokwenda kununua samaki, wakaiopoa imekufa, kilichopona ni kadi tu. Ndani kulikuwa na picha moja aliyoitaka bibi yake, ya kioo cha chumbani. Kioo kile kilivunjika upepo wa mwezi wa tisa ulipong'oa mabati, na bibi alitaka picha yake itolewe kubwa, ukubwa wa kioo chenyewe, itiwe fremu na kutundikwa kwenye msumari uleule. Alisema hayo, akaondoka mbio kwenda darasani.

Sumaili aliposikia jina la mama Mounira, shingo yake ilipata joto. Haikuwa mara ya kwanza. Nyumba ile hakuwahi kuitoza kitu. Kila Idi alipeleka sukari, na mabati yale yalipong'oka alipanda mwenyewe kuyapigilia. Watu walimsifu. Walisema, tazama rafiki wa kweli, Abdoul amekwenda zake tangu wakati wa vita, lakini Sumaili hajamsahau mama wa mwenzake. Sifa hizo zilimchoma kuliko matusi, ila mtu hawezi kuwaambia watu waache kumsifu bila kuwaambia kwa nini.

Alifungua picha. Kioo alikitambua mara moja, kile cha fremu ya buluu kati ya kitanda na dirisha, alichokiona mara ya mwisho akiwa mvulana. Alikitambua, na akaona haya kwa niaba ya mama wa watu. Vumbi lilikuwa limetanda pembe zote, na chini kidogo ya katikati palikuwa na doa kubwa la rangi ya udongo, limejiachia tu, na yeye aliyezoea kufuta madoa hakutafuta lina umbo gani. Mama Mounira, mwanamke ambaye sufuria zake zilikuwa ziking'aa hata mwaka wa njaa! Sumaili akaamini kwamba ni macho ya uzee, haoni tena. Akajiambia kwamba atampa zawadi.

Alifanya kazi mchana wa Jumatatu na mchana wa Jumanne. Alilifuta lile doa kubwa polepole, akafuta na kivuli chake. Pazia lililoonekana ndani ya kioo alilirudishia mistari yake mmoja mmoja. Alipomaliza, kilikuwa kioo ambacho ungetamani kuchana nywele mbele yake. Akahifadhi juu ya ile ya zamani. Kadi alikuwa ameifuta tangu Jumatatu.

Jumatano Neema akarudi. Sumaili alimgeuzia kompyuta kwa madaha kidogo, kama alivyozoea kuwafanyia wateja. Msichana alitabasamu, kisha tabasamu likakauka.

"Kaka Sumaili," alisema, "mukono iko wapi?"

"Mukono ya nani?"

"Ya baba mudogo Abdoul."

Neema akamweleza, akidhani anamkumbusha jambo analolijua. Asubuhi aliyoondoka, mwaka elfu mbili na mbili, Abdoul alikuwa ana miaka kumi na minne. Alikula kiporo cha bugali kwa mawese, akaenda kwenye kioo kutafuta kama ndevu zimeota, akaegemeza kiganja kwenye kioo bila kunawa. Mama yake alimgombeza kutoka uani. Yeye akacheka, akatoka, na kiganja cha mawese kikabaki. Jioni yake ndipo ilipoletwa habari kwamba amefuatana na watu wa Kalima kwenda kuchimba madini. Na katika nyumba ile, kama katika nyumba nyingi za hapa, mtu akisafiri ufagio hauinuliwi mpaka ije habari kwamba amefika. Ukifagia mapema unamfagia na yeye. Habari haikuja. Sakafu mama alikuja kuifagia mwishowe, maana binadamu hawezi kulala jalalani, lakini kioo na sakafu iliyo chini yake hakuvigusa. Mawese yakashika vumbi. Badala ya kufifia, mkono ukazidi kuonekana mwaka baada ya mwaka, vidole vyote vitano, na mama Mounira alikuwa akiuamkia kila asubuhi.

Neema akauliza ile picha ya kwanza iko wapi. Sumaili akasema ipo, ameiweka mahali, asiwe na wasiwasi. Ataileta mwenyewe nyumbani Ijumaa baada ya sala. Msichana akashukuru, akaenda zake. Sumaili akaifungua kadi, akaikuta tupu. Akaitafuta picha katika kompyuta mpaka mahali pa takataka, akakuta vioo vya watu wengine mia, vyote safi. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akajifunika uso kwa mikono miwili.

Maana habari ile ya Kalima ilikuwa na mletaji wake, na mletaji alikuwa yeye.

Mwaka ule mji ulikuwa umefungwa. Nani anashika mji na nani anashika msitu, watoto walikuwa wamejifunza kutouliza. Kwenda shambani ilikuwa kucheza na kifo, na kubaki nyumbani ilikuwa kula sombe, majani ya muhogo, lisilo chumvi, siku nyingine hata sombe lenyewe hakuna. Sumaili, aliyemzidi Abdoul kwa mwaka mmoja, ndiye aliyesema kwamba nyuma ya uwanja wa ndege kuna shamba la muhogo limekimbiwa na wenyewe. Mama zao wote wawili walikuwa wamewakataza kufika huko. Abdoul hakutaka. Sumaili akamtania kwamba amekuwa binti ya mama yake, na maneno hayo mvulana wa miaka kumi na minne hawezi kuyabeba. Wakaenda.

Walikuwa wamejaza nusu gunia waliposikia mtu anafoka kwa sauti ya mwenye bunduki mkononi. Sumaili alijitupa chini ya waya wa miiba, ukamchana kiganja cha kulia kuanzia shina la kidole gumba mpaka upande wa pili. Abdoul alikuwa na gunia mgongoni, likanasa.

"Sumaili, ningoje."

Alisema hivyo mara mbili, wala hakupiga kelele. Alisema kama unavyomwambia mwenzako asubiri ufunge kamba ya kiatu. Sumaili hakungoja. Alikuwa amefika kwenye nyumba za kwanza aliposikia milio miwili, na baada yake hakusikia kitu.

Mtu wa kwanza kumwona alikuwa mama Mounira. Aliona damu, akamvuta ndani, akapasha maji. Akatoa kwenye pindo la kitenge fundo la chumvi, chumvi ya mwisho ya nyumba ile, mwaka ambao kijiko cha chumvi kilikuwa kikifichwa kama dhahabu, akaimimina yote katika maji akamwosha kidonda. Ndipo akamuuliza mwenzake yuko wapi. Sumaili akatazama maji yanavyogeuka mekundu, akasema Abdoul amefuatana na watu wa Kalima. Mkono je? Mkono umekatwa na kopo. Mama aliamini, kwa sababu wavulana wale walikuwa wakiimba Kalima, Kalima, kila siku.

Alikusudia kusema kweli kesho yake. Kesho ikazaa kesho nyingine. Mji ulipofunguliwa alikwenda peke yake nyuma ya uwanja wa ndege, akakuta majani marefu kuliko yeye. Akajifariji kwamba mama anayengoja ana nafuu kuliko mama anayelia, na kwa faraja hiyo akakua, akaoa, akafungua kibanda, akawa hodari wa kufuta.

Sasa alikuwa amemfutia hata kile kidogo alichobakiwa nacho. Mtu mwingine angechukua njia akaenda kusema. Sumaili alitaka, kweli alitaka, lakini miguu ilikataa, na akili ya fundi ikamletea ujanja wa fundi.

Alhamisi mchana alifunga mlango. Alinunua mawese kidogo sokoni, akajipaka kiganja, akakibandika kwenye kioo cha ukutani ambapo wateja huchania nywele. Alichota vumbi la sakafuni, akalipuliza juu yake. Akapiga picha. Akaupunguza mkono ule mpaka ukawa wa mvulana, vidole akavipunguza unene, akaupandikiza pale lilipokuwa lile doa, na akaupa kivuli chake kwa ndani. Hakuwahi kufanya kazi nzuri kuliko ile tangu aanze kazi. Alipoitazama akanawa mikono mara tatu kwa sabuni ya kufulia, na bado aliitoa picha kubwa, akaitia fremu ya buluu.

Ijumaa baada ya sala alifika nyumbani kwa mama Mounira, bado ana kanzu. Mama alikuwa anakaribia miaka sabini, mwembamba, amenyooka, na macho yake hayakuwa na shida yoyote. Alimpokea kwa dua nyingi mno. Alimwambia angeweza kumpelekea Rodrigue, ambaye ni jirani, lakini aliogopa mtu wa kando atauona uchafu tu.

"Wewe njo ulimuona wa mwisho, ni wewe," alisema. "Wewe unajua."

Sumaili alitamani ardhi immeze. Akaitundika picha kwenye msumari. Neema alisimama mlangoni, amefurahi kwamba mkono umerudi.

Mama Mounira alisogea, akatazama kwa muda mrefu. Akaweka kiganja chake juu ya kile cha kwenye picha, akakitoa. Kisha akaanza kufuata kitu kwa ncha ya kidole, kutoka shina la kidole gumba mpaka upande wa pili, mstari mwembamba ambapo mawese hayakushika. Nyani haoni kundule. Mtu aliyeona madoa ya mji mzima hakuwa ameuona mstari wa kiganja chake mwenyewe, kwa kuwa amekaa nao miaka ishirini na miwili.

"Abdoul hakukuwa na hii," alisema.

Sumaili akaurudisha mkono wa kulia nyuma ya kanzu.

"Lete mukono, baba."

Angeweza kukataa. Alimpa. Mama akaukunjua, akavitandaza vidole kimoja kimoja, akaweka gumba lake juu ya kovu. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa kama mtu anayesoma barua yenye mwandiko mbaya.

"Hii kidonda njo miye niliosha," alisema. "Na chumvi yangu ya mwisho. Ukaniambia ni kopo."

"Ndiyo, mama."

"Haikukuwa kopo."

"Hapana, mama. Ilikuwa waya ya uwanja wa ndege."

Hapo akasema yote. Alianza na picha, jinsi alivyoifuta na jinsi alivyoibandika upya kwa mkono wake mwenyewe, kisha akarudi nyuma mpaka shamba la muhogo, utani aliomtania mwenzake, gunia, waya, milio miwili. Alizungumza akitazama miguu yake. Aibu ilikuwa imempanda mpaka masikioni, na alijua hata katikati ya maneno kwamba haitashuka kwa kusema tu. Neema alianza kulia mlangoni. Mama Mounira hakulia. Alikaa ukingoni mwa kitanda akiwa bado ameushika ule mkono, labda kwa kusahau.

"Aliita?" aliuliza.

"Aliita, mama. Alisema nimungoje."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Na ulisikia."

"Nilisikia."

Aliuachia mkono.

Sumaili akaanza kusema kwamba alidhani kungoja kutamwia rahisi kuliko kulia. Maneno hayo aliyokuwa akijiambia miaka yote, aliyasikia sasa yakitoka mdomoni mwake katika chumba kile, akayaona ni takataka, akayaacha katikati.

"Miaka makumi mbili na mbili," mama Mounira alisema, "sikumusomea mwana wangu hata Fatiha moja. Mutu mwenye iko safarini, nani anamusomea?"

Jambo hilo Sumaili hakuwahi kulifikiri. Katika hesabu zake zote za usiku na mchana alikuwa amemhesabu mama, amejihesabu yeye mwenyewe. Abdoul hakumhesabu. Hakuwahi kufikiri kwamba rafiki yake amelala nyuma ya uwanja wa ndege bila dua ya mtu hata mmoja, kwa sababu yeye alimwambia ulimwengu kwamba yu njiani. Akapiga magoti. Mama akamwambia asimame, kanzu itachafuka.

Akamuuliza kama ile picha safi aliyoipangusa mwanzoni, isiyo na mkono, ipo bado. Sumaili akasema ipo.

"Njo ile utaniletea. Hii uondoe, ni mukono yako, sina kazi nayo. Na kiisha alasiri tutaenda kwa imamu. Utasema mbele ya watu yote, vile umesema hapa. Usipunguze."

"Sitapunguza, mama."

"Na ile ningoje, uiseme."

"Nitaisema."

Sumaili akaitungua picha, akaigeuza uso ukutani. Mama Mounira akamwita Neema, akamwambia alete ufagio. Msichana akauleta huku anajifuta machozi, akainama kuanza pale chini ya msumari, mahali ambapo vumbi lilikuwa la zamani. Bibi yake akamzuia. Akauchukua ufagio, akaushika kidogo, kisha akamnyooshea Sumaili.

"Wewe njo ulimusafirisha," alisema. "Ufagie wewe."

Sumaili akaupokea kwa mikono miwili. Akakunja kanzu ya Ijumaa mpaka magotini, akainama, akaanza kufagia kutoka ukutani kwenda mlangoni, na mama Mounira akainua miguu yake kidogo ili ufagio upite.